Pamba Isiyo na Risiti

Mie ni mwoga. Nalisema mapema ili huko mbele mtu asije akadhani nilikuwa jasiri. Naogopa radi, naogopa mbwa, naogopa simu inayoita asubuhi kabla sijanywa chai, na kuliko vyote naogopa wakaguzi wa hesabu. Kwa mhasibu huo ni ugonjwa mbaya. Dada yangu hunicheka, anasema nilitakiwa niuze kashata, maana kashata hazikaguliwi.

Kazi yangu ilikuwa kwenye asasi ndogo ya kuzuia maambukizi ya Ukimwi hapa Mtoni, ndani kidogo kutoka Barabara ya Kilwa. Fedha zilitoka ng'ambo, kwa mfadhili ambaye sikuwahi kumwona hata kwa picha. Zikifika Dar zinatua kwanza kwenye asasi kubwa ya mjini, yenye lifti na kiyoyozi. Wao wakishakata za kwao wanatushushia sie. Sie tunalipa pango, tunamlipa muuguzi, tunalipa nauli za akina mama wanaokuja kwenye mafunzo. Mie ndiye niliyekuwa mkiani kabisa mwa mstari huo. Nilitakiwa nionyeshe, kwa karatasi, kwamba shilingi iliyotoka ng'ambo imefika mkononi mwa mama fulani wa Mtoni na haikuota mbawa njiani.

Basi asubuhi hiyo simu ikaita kabla ya chai. Alikuwa mkurugenzi wetu, mama mtu mzima asiye na papara, lakini siku hiyo aliongea kwa kuhema. "Njoo ofisini sasa hivi. Usipitie sokoni."

Nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta na mtandio begani, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Ujumbe ulitoka mjini, na mjini waliupata kutoka ng'ambo. Tusimamishe kazi zote, pale pale. Dawa za watu wanaoishi na virusi zitaendelea kutolewa hospitalini. Dawa kinga, yaani vile vidonge ambavyo mtu asiye na virusi anameza kila siku ili asiambukizwe, zimesimama mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Na mkaguzi anakuja kufunga hesabu.

"Yaani wamemwachia aliyeugua, wakamkatia mzima," mkurugenzi akasema. "Haya bwana." Akainuka akazima feni, maana umeme nao ulikuwa wa mradi.

Nikajiambia tulia, mahesabu yako yamenyooka. Nikawaza akina mama wote waliokuwa wanameza vidonge vyetu kwa siri. Na katika hao wote, aliyenijia kwanza alikuwa msusi.

Msusi alikuwa rafiki yangu. Jumamosi nilikuwa nakwenda kwake kusuka, na barazani kwake ndiko mafunzo yetu yalikofanyikia, kila Alhamisi. Mpita njia anaona wanawake wamekaa mkekani, mmoja kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Anajua hapo ni kwa msusi. Waume waliambiwa ni kikoba. Na kikoba kilikuwepo kweli, maana wanawake wa Mtoni hawadanganyi nusunusu. Walinunua hisa, walikopeshana, walimsuta aliyechelewesha rejesho, na katikati ya hayo muuguzi wetu anatoa somo na kugawa vidonge. Hata namba ya ofisi yetu waliihifadhi kwenye simu zao kwa jina la Kikoba.

Nauli tuliwatumia kwa simu. Na hapo ndipo penye kisa. Kitambulisho cha taifa cha msusi kilikuwa hakijatoka, kila akienda anaambiwa rudi mwezi ujao, kwa hiyo laini ya simu ya nyumbani ilisajiliwa kwa kidole cha mumewe. Ukituma nauli, jina linalotokea ni la mume. Mume mwenyewe alikuwa dereva wa fuso, analeta viazi soko la Tandale kutoka Njombe. Akiwa safarini alitumia simu ya tajiri wake. Akirudi, simu ya nyumbani inakuwa yake. Nauli ikiingia yeye ndiye anaitoa, anakata ya bando, anampa mkewe iliyobaki. "Huyo ndiye benki yangu," msusi alikuwa akisema, "na riba yake ni bando."

Alimpenda. Hilo halikujificha. Lakini njia ya malori anaijua kila mke wa dereva, na kila akimwambia waende wakapime pamoja, mume anapandisha sauti. "Mie mzima! Unataka kuniua kabla ya siku zangu?" Msusi akachoka kubishana, akaanza kumeza kidonge.

Kumeza kwenyewe kulikuwa shughuli. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe, na mama mkwe yule anasikia hata sufuria ikifunikwa kwa jirani. Muuguzi alikuwa akibandua nembo kwenye makopo na kuwapa wanawake makopo matatu kwa mkupuo, ya miezi mitatu. Msusi aliyaficha kwenye boksi la rasta, zile nywele za kusukia, chini kabisa, chini ya rangi ambazo hakuna mteja anazitaka. Ukifika wakati anachukua kopo ndani ya kanga, anaingia choo cha uani, anafungulia bomba, anameza. Lakini kopo lilikuwa linalia. Cha cha cha, kila hatua. "Shosti," aliniambia, "kutoka chumbani mpaka chooni nakuwa nimeshazeeka."

Hakuwa anaogopa bure. Mtaa wa pili alikuwepo mwenzetu mmoja wa kundi hilo hilo. Mumewe alilikuta kopo chini ya godoro. Mie niliwahi eneo lile, nikakuta godoro lipo barabarani, yeye amekaa juu yake na kichanga, watu wamejaa. Wengine wanasema ana Ukimwi, wengine wanasema malaya, wengine wanasema vyote. Nani atakuelewa ukimwambia humezi kwa sababu unaumwa, unameza ili usiumwe? Dada wa watu alirudi kwao na mpaka leo sijui yuko wapi. Tangu siku ile, kila nikisikia kitu kinacheza ndani ya kopo moyo unanilipuka.

Sasa siku moja, mwaka huo huo kabla ya hayo ya kufungiwa, nimekaa nasukwa, msusi akaniinamia sikioni. Uso wake ulikuwa umefunguka.

"Wafikishie wazungu shukrani zangu."

"Za nini tena?"

"Makopo ya safari hii wametuwekea pamba. Nimefungua la pili nimeikuta juu hapo, safi, nyeupe. Halilii hata ulitikise namna gani! Kumbe wanatusikia."

Nilifurahi karibu nilie. Nikadhani ni muuguzi wetu kaweka. Na kwa vile asasi ya mjini ilikuwa inatudai hadithi ya mafanikio kila baada ya miezi mitatu, na mie nilikuwa nimeishiwa hadithi, nikaketi nikaandika ya pamba. Nikaandika kwamba mama mmoja, msusi, alikuwa anaishi kwa hofu kwa ajili ya mlio wa kopo. Mradi ukasikiliza kilio cha walengwa. Sasa makopo yanawekwa pamba na mama anameza kwa amani. Mkurugenzi aliisoma akaniambia nina kipaji. Tukaambiwa ilifika mpaka ng'ambo na watu waliipenda. Wala sikumuuliza muuguzi. Nimuulize nini, wakati pamba ipo?

Mkaguzi alifika na begi jeusi na chupa yake ya maji ya tangawizi. Kijana mtaratibu, sauti ya chini, kila swali analitanguliza na samahani sana. Tulimtengea chai na maandazi, hakugusa. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi, maana mtu akikataa chai yako utamshika wapi? Alikaa kwenye meza yangu na mie nikakaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, kama niliyeletwa na wazazi.

Mafaili ya pango yakapita. Ya mishahara yakapita. Nikaanza kupumua. Kisha akavuta ripoti ya kazi, akasoma, akarudia kusoma.

"Samahani sana, mama. Hii pamba."

"Pamba ipi?"

"Mmeandika makopo yanawekwa pamba. Natafuta risiti ya pamba, siioni."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ni pamba tu, kaka yangu."

"Naelewa. Ila kama imenunuliwa na hela ya mradi, nahitaji risiti. Kama kuna mfadhili mwingine kaitoa, nahitaji barua yake, maana haifai kitu kimoja kulipiwa na wafadhili wawili. Na kama hakuna aliyeinunua, samahani sana, basi iliandikwaje?"

Tukamwita muuguzi kutoka chumba cha pili, alikokuwa anafungasha vitu vyake. Akatukodolea macho. "Pamba? Mie sijawahi kuweka pamba kwenye kopo la mtu. Nabandua nembo tu." Akageuka kunitazama, na mie nikatazama sakafu.

Mkaguzi hakupandisha sauti. Alitafuta malipo ya nauli ya msusi, akaweka kidole kwenye jina. "Mama huyu ana jina la kiume."

"La mumewe. Laini ni ya mumewe."

"Kwa hiyo tuna hadithi isiyo na ushahidi, ya mama ambaye fedha zake zinakwenda kwa mwanaume. Samahani sana, lakini kwenye ripoti huyo anaitwa mlengwa hewa. Na kama yeye ni hewa, itabidi niwatilie shaka na wenzake wote wa kundi."

Yarabi! Kila hati ya nauli ya kundi lile ilikuwa na sahihi yangu. Nawajua watu waliolala ndani kwa hewa ndogo kuliko hiyo. Nikajiona nimevalishwa pingu mbele ya mama yangu. Nikasema msusi yupo, ni mtu wa nyama na damu, hizi nywele unazoziona kasuka yeye.

"Basi nizungumze naye," akasema. "Ana kwa ana au kwa simu. Mwisho kesho mchana, maana kesho ndiyo nakabidhi."

Nikatoka mbio kumfuata msusi, nimlete mwenyewe kwa miguu yake. Barazani nilimkuta mama mkwe peke yake, anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona Alhamisi hatukuwaona? Kikoba kimekufa?"

"Kimepumzika kidogo, mama. Mwenyeji wangu yupo?"

"Kaenda msibani kwao, Kibiti. Mpaka keshokutwa huko." Akapepeta mchele. "Kama una shida na simu, anayo mwanangu. Yumo ndani kalala, kashuka na viazi jana. Nimwamshe?"

Nikaona ndala za mwanaume mlangoni.

"Hapana, hapana mama! Muache apumzike."

"Mbona unatoka jasho?"

"Jua, mama." Nikaondoka karibu nikanyage kuku. Njia nzima nilikuwa naliona lile godoro barabarani, safari hii msusi ndiye kaketi juu yake.

Kesho yake nikamwomba mkaguzi angoje msusi arudi. Akaniambia samahani sana, hawezi. Nikamwomba niongee mie, yeye asikilize. Hawezi, lazima apige yeye, na spika iwe wazi. Mwisho akaweka kalamu chini.

"Mama, kwani unaogopa nini hasa? Unaogopa nigundue nini?"

Ndipo nikamweleza. Habari ya godoro, ya kichanga, ya watu waliojaa. Nikamweleza na habari ya ndala nilizoziona mlangoni. Sikujali kama anayaandika. Nikamwambia kama lazima uandike hewa andika hewa, nitalala ndani mie, lakini yule mwanamke ana watoto wawili na hana nyumba nyingine.

Akafunga kizibo cha chupa yake. "Nitapiga kwa simu ya ofisi. Jina la mradi sitalitaja. Nikisikia sauti ya kiume, nakata."

Akapiga. Haikuita sana.

"Haloo." Sauti nzito, ya mwanaume aliyetoka usingizini.

Mkaguzi akapeleka kidole kwenye kitufe chekundu. Alitimiza ahadi yake, hilo nampa. Ila sauti ikamuwahi.

"Kikoba, msikate."

Kidole kikabaki juu ya simu.

"Jana shemeji alikuja hapa akaongea na mama, kisha akakimbia. Nilikuwa macho, nilimsikia. Nikajua kuna jambo. Shemeji, upo hapo?"

"Nipo, shemeji," nikasema.

"Na nani?"

"Samahani sana, ni mkaguzi wa hesabu," mkaguzi akajibu. "Nipo kazini tu."

"Ngojeni nitoke nje." Tukasikia mlango, tukasikia kuku, kisha geti. "Eeh. Mama ana masikio. Sasa nawauliza. Redioni wanasema hela za wazungu zimefungwa. Zile dawa za mke wangu, na zenyewe zimefungwa?"

Ulimi ukaniwahi. "Dawa gani, shemeji? Sie ni kikoba tu, mambo ya hisa..."

"Usinizungushe, shemeji. Vidonge anavyokwenda kumezea chooni akifungulia bomba. Vya kwenye kopo lililoko kwenye boksi la rasta. Najua tangu kopo la kwanza."

Mkaguzi akanitazama.

"Mie za kwangu zipo," mume akaendelea, taratibu sasa. "Nachukuliaga huko huko njiani, Makambako, hapa Mtoni wasinione. Juzi nilipita nikauliza, wakaniambia wewe chukua, za kwako hazijaguswa. Za kwake ndo naulizia."

Ilinichukua muda kuelewa alichosema. Alikuwa na virusi. Alijua, alikuwa anameza dawa zake mbali na nyumbani, na mkewe alikuwa anajificha chooni kumeza kinga dhidi ya ugonjwa ambao tayari ulikuwa unalala naye kitanda kimoja. Na ujumbe ule wa kutoka ng'ambo ulikuwa umemwachia yeye, ukamkatia mkewe.

"Zimesimama, shemeji," nikasema.

"Mpaka lini?"

"Hatujaambiwa."

Bodaboda ikapita karibu yake. Halafu mkaguzi, Mungu amsamehe, akainamia simu.

"Samahani sana, ndugu yangu. Kuna jambo moja dogo la kiofisi. Kwenye kopo kuna pamba."

"Ni mie," akasema mara moja. "Lilikuwa linalia. Akilitoa tu linalia, na mama yuko chumba cha pili. Nikanunua pamba ya jero, mia tano tu, duka la dawa. Kuna makopo alikuwa hajayafungua, nikayajaza. Nikajua atadhani imetoka kwenu."

"Kwa nini hukumwambia?" Hilo nilimuuliza mie, na nilimuuliza kwa hasira, sikujua hata ilikotoka.

"Nikimwambia najua za kwake, ataniuliza mbona sijakasirika. Itabidi nimwambie na yangu. Nimejaribu, shemeji. Wallahi nimejaribu. Nikifika mlangoni maneno yanarudi. Yule ataondoka na wanangu. Msimwambie kama tumeongea. Nakuomba."

Simu ilipokatika mkaguzi alishika kalamu. Hakuuliza risiti ya pamba ya jero. Aliandika kwamba malipo ya nauli yamethibitishwa, na kwenye pamba akaandika: mchango wa jamii. Kisha akaniuliza kama ile chai bado ipo.

Mie sikwenda jela. Watu wa ofisi walinipa pole na hongera kwa pamoja. Lakini hofu haikuniondoka, ilihama tu. Kila nikifumba macho naliona lile kopo, najiuliza limebaki na vidonge vingapi, na huyu mtu ataanza lini kusema.

Msusi alirudi kutoka Kibiti, akapita nyumbani mara moja, hakuoga hata. Alinikuta ofisini tunatoa meza nje. Alikuwa na vumbi la safari na macho mekundu. Akanivuta chumba cha muuguzi, kilichokuwa kitupu tayari, akafunga mlango, akafungua fundo la kanga.

"Angalia."

Kopo lilikuwa kopo la mwisho. Pamba ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

"Nilipokwenda msibani nilichukua vidonge vya huko nikavifunga kwenye leso, kopo nikaliacha. Pamba ilikuwa kidogo tu. Narudi, imejaa! Shosti, si wazungu. Kuna mtu ndani ya nyumba anajua." Alikuwa anaongea kwa kunong'ona ingawa tulikuwa wawili tu. "Ni mama mkwe. Ananingoja tu mwanawe ashibe anisemee. Nimeshafunga nguo za watoto kwenye mfuko wa shangazi kaja. Nataka leo leo niende kwetu, kabla sijatupiwa godoro nje."

Nikaona kile ambacho mume alikuwa anakiogopa kinakuja, na kinakuja kwa sababu ya ukimya wetu sote. Niliombwa nisiseme. Nikinyamaza anaondoka. Nikisema, sijui kitakachotokea.

"Si mama mkwe," nikasema.

"Umejuaje?"

"Mkaguzi aliulizia pamba. Aliyeiweka kasema mwenyewe. Kwa simu."

"Simu gani?" Kisha akaelewa ni simu gani. Simu ya nyumbani ni moja. Akakaa chini sakafuni, polepole. "Tangu lini?"

"Tangu kopo la kwanza."

"Na hajanipiga? Hajaniuliza?" Alilikamata kopo kwa mikono miwili. "Mwanaume akute mkewe na dawa hiyo, asiseme neno, aende dukani kununua pamba?" Akafikiri. Nilimwona anafikiri, nilikuwa naomba asifike, na nilikuwa naomba afike. "Basi na yeye anaumwa."

Sikujibu. Kutojibu kwangu akakuchukua kama jibu.

Nilidhani atapiga kelele. Alirudishia kifuniko cha kopo. Halafu akasema, "Mpigie. Kwa simu hiyo hiyo yenu, kabla hawajaichukua. Mwambie kikoba kinakutana leo, na waume wanatakiwa."

Nikapiga. Vidole vilikosea namba, nikaanza upya.

"Kikoba," akapokea.

"Shemeji, leo kuna kikao. Na waume mnatakiwa."

"Yupo hapo?"

"Yupo."

"Ana hasira?"

Nikamtazama msusi pale chini. "Hapana. Anaogopa."

"Hata mie." Akavuta pumzi. "Mwambie nakuja. Mwambie leo asiende kumezea chooni."

Nikamfikishia, neno kwa neno. Msusi akajifunika uso kwa kanga akalia, kilio cha chini, cha mtu aliyezoea mama mkwe anayesikia. Alipomaliza akafungua kopo, akavuta pamba yote akaiweka mapajani, rundo kubwa jeupe, akamimina vidonge kiganjani. Vilikuwa vichache. Wiki isingefika.

"Yeye za kwake zipo?" akaniuliza.

"Zipo."

"Na mie, hivi vikiisha, nakwenda wapi?"

Mie niliyeifuata shilingi kutoka ng'ambo mpaka barazani kwake, nikaitolea karatasi kila ilipopita, sikujua nimwambie aende wapi. Nikakaa naye pale chini, tukarudisha pamba kwenye kopo, tukamngoja mumewe.